Kuku wa jirani wamenona kwa mchele wangu: daftari la mwezi mmoja la vitu tulivyotupa jikoni

MamaTatu_Tabata

Wakuu habari za jioni. Uzi una maneno mengi, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Mwezi wa tatu baba watoto alinipigia simu saa tano asubuhi kwamba anakuja na wageni wawili kutoka Songea na watakula mchana. Ndani sina kitoweo cha maana. Nikavuka kwa jirani anayefuga kuku wa kienyeji, nikachukua jogoo kwa 28,000. Kijana wa dukani akanichinjia, nikanyonyoa, nikapasua. Kufika kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, nakuta limeshonana wali. Wali mweupe pamoja na vipande vya karoti nilivyokata kwa mkono wangu jana yake. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka. Kila usiku dada wa kazi anabeba sufuria kwenda kuwamwagia kuku wale wale. Yaani nimemlisha jogoo bure kwa mchele wa Mbeya wa 2,800 kilo, halafu nimekwenda kumnunua.

Sisi tuko sita: mimi, mzee, watoto watatu na dada. Hela ya chakula ilikuwa inakata kila tarehe 20, na siku zote nilikuwa nalaumu soko. Siku ile nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikalifunga kwa uzi kwenye mlango wa friji. Sheria ni moja: hakuna kitu kinachoingia kwenye ndoo ya taka au kwa kuku kabla hakijaandikwa. Kitu gani, kiasi gani, kilinunuliwa bei gani, na kwa nini kinatupwa. Hiyo safu ya "kwa nini" ndiyo iliyoniumbua.

Mwezi mzima, jumla 53,000. Kujaza mtungi mkubwa wa gesi nalipa 56,000. Nilikuwa natupa karibu mtungi mzima.

Wali ndio ulioongoza. Tunakula wali kama siku tano kwa wiki na nilikuwa napika kilo nzima kila mara kwa mazoea ya kwetu, tulikuwa kumi na moja. Robo inabaki. Mara ishirini na mbili, 15,400. Maharage na michuzi iliyochacha mara tatu, 10,500, na zote tatu nimeandika "nilisahau jikoni usiku". Nyanya 8,000, kwa sababu nanunua kisado kizima Ilala kwa kuwa ni rahisi kuliko fungu, halafu theluthi inaoza. Mikate iliyokauka au kuota ukungu 6,000. Maziwa 5,000. Mchicha na matembele mafungu tisa, 4,500. Ndizi na parachichi 3,600.

Angalieni hapo: hakuna hata kimoja kilichotupwa kwa sababu bei ilipanda. Na nyanya, kilichoniponza ni urahisi wa bei.

Sasa niko mwezi wa pili wa daftari. Naomba mbinu za watu waliopitia humu. Sitaki za "andaa bajeti", nataka za jikoni kabisa.

KijanaWaGeto

Dada yangu, elfu 53 kwa watu sita ndiyo unafungulia uzi? Tafuta hela, acha kuhesabu punje.

Rangi3_Mbagala

@KijanaWaGeto elfu 53 ni kodi ya chumba changu na chenji ya daladala inabaki. Mwache mama aongee.

Naweka kambi hapa.

MzeeWaLuku

MamaTatu, hongera. Ila daftari lako halijaandika kitu kimoja kinachotupwa kila siku bila harufu, nacho ni moto.

Mimi ni fundi umeme, nimestaafu, na nina ugonjwa wa kusoma mita. Nyumbani tulikuwa tunachemsha maharage kwa mkaa. Kilo moja ya maharage, bila kuloweka, inakula kopo zima la mkaa na zaidi. Kopo kwetu Kimara 2,500. Yaani maharage ya 3,200 yanapikwa kwa moto wa 2,500! Mwaka jana binti yangu akaniletea lile sufuria la presha la umeme. Nikalikebehi. Halafu nikasimama kwenye mita, nikaandika namba kabla, nikaandika namba baada. Maharage yaleyale, kilo ileile, yamelowekwa usiku: chini ya nusu yuniti. Kwa sisi wa tarifa ya kawaida yuniti moja ni kama 356 pamoja na kodi, kwa hiyo chungu kizima kimeiva kwa pungufu ya 180. Walio kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo, yuniti moja kama 122, hao ndio kabisa. Lakini wao wasisahau ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuuvuka unahamishiwa huku kwetu.

Najua wengi wanaamini umeme ni ghali kwa kupikia. Kwa jiko la koili, lile linalowaka jekundu, ni kweli, linakula. Presha ni kitu kingine kwa sababu limefunikwa, limezungushiwa kinga ya joto, na likishapata mgandamizo linajizima na kujiwasha lenyewe. Serikali yenyewe ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi sikungoja 2034.

Kwa wenye gesi: maji yakishachemka yamechemka. Ukiacha moto juu hayawi ya moto zaidi, yanakauka haraka tu na wewe unalipia mvuke. Punguza, funika. Moto ukiwa wa njano na sufuria inatoka masizi, safisha vile vitundu vya jiko, gesi yako inaungua vibaya.

Na friji. Chukua noti, ibane na mlango, ivute. Ikichomoka bila kukataa, ule mpira wa mlango umekwisha na friji yako inagandisha sebule. Kubadilisha mpira si hela nyingi. Nimekuta nyumba watu wananung'unika umeme unaisha, kumbe friji la mtumba linahema masaa ishirini na nne.

Rangi3_Mbagala

Mzee shikamoo. Noti ya elfu kumi inafaa au lazima iwe ndogo?

MzeeWaLuku

Marahaba. Yoyote, bora uikumbuke kuitoa.

BintiPangani

Nimesoma bandiko la kwanza nikajiuliza, huyu dada anapika wali wa mafuta au wa nazi? Kwa sababu wa nazi haulazwi. Wali wa nazi ukilala nje usiku mmoja Dar kwa joto lile, asubuhi unavuta kama gundi. Kama unajua kutabaki, pika kwa mafuta, nazi iweke kwenye maharage.

Nami niseme ya nazi, maana watu wa bara mnaidhulumu sana. Unakuna, unakamua mara moja, unatupa machicha. Hapana. Tui la kwanza, kasimile, unaliweka pembeni hilo ni la mwisho wa mapishi. Mimina maji ya vuguvugu, kamua tena, hilo ndilo la kupikia. Mara ya tatu maji maji yale yanachemshia samaki au kisamvu. Ukifika hapo machicha yamebaki makapi kweli, wape kuku wako (wako, si wa jirani).

Wengine tunayaanika juani kwenye ungo siku mbili, tunakaanga na sukari na hiliki, watoto wanalamba. Sio kashata, msinivamie, kashata ni nazi yenyewe. Ni kitu cha kuwanyamazisha watoto tu.

Vifuu usitupe. Kifuu kimoja kikavu kinawasha jiko la mkaa bila mafuta ya taa, na moto wake mkali mpaka mkaa unashika wenyewe. Marehemu bibi yangu alikuwa na gunia la vifuu nyuma ya nyumba, na kumbi ndiyo ilikuwa brashi ya masufuria. Leo tunanunua stilwaya, inakatika vipande inaingia kwenye mchuzi.

Ukoko je? Mbona hujauandika kwenye daftari? Au mnaula?

MamaTatu_Tabata

@BintiPangani ukoko unagombewa, hauna muda wa kuandikwa.

Nijibu na swali lililokuja inbox, nimeupunguzaje wali. Sikuanza kwa kusema "tule kidogo", maana nyumbani kwangu neno hilo lingeleta kikao cha ukoo. Nilichukua kikombe kimoja cha plastiki cha bluu, nikakipima dukani: kikijaa bila kilima ni robo kilo ya mchele. Sasa vikombe vitatu, yaani robo tatu, watu sita wanashiba. Mgeni akija kinaongezwa kimoja. Dada hana tena habari ya "nikadirie". Zamani kila mtu alikuwa anamimina kwa jicho, na jicho la mtu mwenye njaa linaona sufuria dogo.

Kingine, niliacha kupakulia watoto sahani ya mlima. Wanapewa kidogo, akimaliza anaongezewa. Yule wa mwisho alikuwa anaacha nusu kila siku, na mabaki ya sahani ya mtoto huwezi kumpa mtu mzima mwingine, labda mama.

Nyanya nimeona dawa ni kuzipika zilizolainika siku ileile. Nikirudi Ilala Jumamosi, zilizo ngumu naziacha kwenye trei juu ya meza, hazipangwi moja juu ya nyingine. Zilizolainika naziosha, nakatakata, nachemsha na kitunguu na chumvi mpaka maji yakauke, ikipoa nagandisha kwenye vile vitrei vya barafu. Siku ya kazi natoa vipande vitatu vinne, mchuzi umeanza. Na gesi imeokoka, @MzeeWaLuku, maana nyanya zinakaangwa mara moja kwa wiki badala ya kila jioni.

KijanaWaGeto

Haya, nimerudi, nilikosea kuingia na mdomo. Jana nimejaribu na mimi kitu kidogo.

Naishi peke yangu, napika mayai, chipsi zege, siku nyingine tambi. Mafuta nanunua ya kupima kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ya mia tano, kila nikitaka kupika. Jana nimechukua chupa ya maji ya nusu lita, nikamwambia Mangi anipimie kipimo cha mia tano mara nyingi mpaka ijae. Alinitazama kama nimerogwa. Imejaa kwenye kipimo cha tisa kabla hakijaisha. Piga hesabu: lita moja nanunua zaidi ya elfu nane. Kidumu cha lita tano pale pale kwa Mangi 30,000, yaani elfu sita lita. Maskini analipa zaidi, nimeona kwa macho yangu.

Sasa elfu 30 kwa mpigo sina. Tuko vyumba vitatu kwenye korido yetu, wote mabachela. Tumekubaliana tuchange kumi kumi, kidumu tugawane kwenye chupa. Tatizo ni Juma wa chumba cha kati, anataka kidumu kikae kwake.

Shangazi_Tandale

Kijana, mgawane siku hiyo hiyo kila mtu na chupa zake, usikubali kitu cha watatu kikae chumba kimoja. Utakuja kutuandikia uzi mwingine.

Lakini nami nitie neno juu ya kununua jumla, kwa sababu nauza nafaka na naona wateja. Jumla inaokoa hela kwa vitu vinavyokaa: mchele, maharage, sukari, chumvi, sabuni. Mafuta nayo, ukiwa na mkono mfupi. Kitu kikiwa kingi ndani mkono unarefuka, kila mtu anamimina. Mimi nyumbani kwangu nanunua kidumu, lakini jikoni ipo chupa ndogo tu, kidumu kipo uvunguni. Chupa ikiisha kabla ya wiki, naanza kuuliza maswali.

Mboga, nyanya, samaki, jumla inakuzika. Na maharage msinunue gunia la mwaka kwa kuwa ni bei ya mavuno. Maharage yakizeeka hayaivi, yanakula moto mpaka basi, ile faida yote inaondoka na mkaa.

Muuguzi_Mstaafu

Habari zenu wanangu. Naona mnakwenda vizuri, ila kuna mahali kuokoa hela kutawalaza wodini, naomba mnisikilize.

La kwanza ni kiporo cha wali. Kuna mbegu za bakteria ambazo haziuawi na kule kuchemka kwa wali. Wali ukikaa vuguvugu kwenye sufuria lililofunikwa toka saa mbili usiku hadi asubuhi, zinaamka, zinazaana na kuacha sumu. Ile sumu ukiipasha haiondoki. Ndiyo maana mtu anasema "niliupasha moto kabisa" na bado anatapika. Dawa yake ni rahisi: mkimaliza kula, wali uliobaki utandazeni kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu ulipoiva. Kesho uliwe, kesho kutwa hapana. Asiye na friji apike wa kuisha, basi.

La pili ni magadi kwenye maharage. Najua yanalainisha na yanapunguza mkaa. Yanaua vitamini B1 iliyomo. Loweka usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Utaokoa moto na utaokoa na hiyo vitamini, na tumbo halitajaa gesi sana.

Rangi3_Mbagala

Bibi, kwa heshima zote, sisi tumekulia kiporo. Wali umelala chini ya kawa, asubuhi na chai ya rangi, shule. Hakuna aliyekufa.

Muuguzi_Mstaafu

Nami nimekulia hicho hicho, mjukuu wangu, na nakipenda hadi leo. Lakini mimi nilikaa miaka thelathini upande ule ambako walikuwa wanaletwa walioumwa matumbo, wewe ulikuwa upande wa waliokwenda shule. Kila mmoja anahesabu aliowaona.

NgoshaWaKahama

Nimefurahi uzi huu. Watu wa Pwani mmeongea nazi, ngoja niongee jua.

Kwetu usukumani hakuna aliyekuwa na friji na hakuna aliyetupa viazi. Viazi vitamu vikitoka shambani ni vingi mpaka mbuzi wanakataa. Vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba vibichi, vinaanikwa juu ya mawe mpaka vinalia vikigongana. Hiyo ni michembe. Ukivichemsha kwanza halafu ndiyo uanike, ni matobolwa, tamu yake nyingine, watoto wanatembea nayo mfukoni. Kiangazi kikifika michembe inapikwa, inapondwa na karanga, asubuhi umeshiba mpaka saa nane. Majani ya kunde nayo yanakaushwa, tunaita nsansa, unaunga na karanga za kusaga.

Mama yangu alikuja Dar kunitembelea, akakuta mke wangu anatupa matembele yaliyonyauka. Hakusema kitu. Akayaosha, akayatia kwenye maji yanayochemka kama dakika mbili, akayatandaza kwenye ungo kibarazani, kivulini. Nikamwambia mama jua liko kule. Akasema jua kali linayachoma, yanabaki majani ya chai. Baadaye nikaja kusoma kwamba kweli kukausha kivulini kunahifadhi zaidi ile vitamini A ya mboga. Siku tatu yakawa makavu kabisa, yakaingia kwenye chupa ya kahawa tupu. Mpaka leo mboga ikinyauka kwangu inaishia kibarazani.

Tatizo la Dar ni unyevu. Masika usijaribu, itaota ukungu. Subiri kipupwe.

Mfugaji_Chanika

Hapo kwenye ukungu niulize. Mahindi na karanga zikiota ukungu kidogo mimi huwa nachambua, mabovu nawapa kuku. Si ndiyo kutotupa?

Muuguzi_Mstaafu

Hapana mwanangu! Hapo tupa, tena uchome au ufukie. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, huioni kwa macho. Punje inaonekana nzuri na sumu imo, kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi ya namna hiyo, wengi wao watoto. Na ukimpa kuku, kuku anadumaa, ini lake linaharibika, na sumu nyingine inaweza kukurudia kwenye yai. Kwa ng'ombe inatoka na maziwa.

Mkate nao msikwangue ukungu mkala uliobaki. Ule mnaouona ni maua tu, mizizi imeshaingia ndani.

MamaTatu_Tabata

Asante bibi. Mkate nimeutafutia njia kabla haujafika huko. Siku ya tatu ukianza kukauka nauchovya kwenye yai na maziwa kidogo, nakaanga, watoto wanaufurahia kuliko ulipokuwa mpya. Maziwa yakianza kuelekea kuchacha, nayaachia yagande, mtindi. Ila yawe yalichemshwa na chombo kiwe safi, sio yale yaliyochacha kwenye pakiti nyuma ya friji hata harufu huielewi.

Ndizi zikiiva zote kwa pamoja nakanda nazo maandazi, sukari unapunguza nusu. Na nimejifunza kwa kuharibu: usiweke ndizi mbivu karibu na parachichi ambazo hutaki ziive. Zinaambukizana. Ukitaka ziive ndiyo unazifungia pamoja.

BabaFulani

Mimi nitaongea upande wa akina baba maana naona hatuna mwakilishi. Kupima wali kwa kikombe ni sawa, lakini kuna heshima ya nyumba. Mgeni akifika saa moja usiku akakuta sufuria limekauka, aibu ni ya nani? Wazee wetu walipika kwa kuzidisha makusudi, kwa sababu chakula cha Mswahili kina sehemu ya asiyetarajiwa.

Shangazi_Tandale

Baba Fulani, mgeni wa saa moja usiku siku hizi anapiga simu kabla, na asiyepiga anapikiwa mayai. Mie nimeolewa miaka ishirini na sita, nimewahesabu wageni wasiotarajiwa waliokula ule wali wa ziada. Wengi wao walikuwa mbu.

BabaFulani

😂😂 Nimesalimu amri. Lakini mayai yawepo.

MzeeWaLuku

Naomba niongeze moja kwa wenye friza. Mwanzoni mwa 2024, kipindi cha mgao wa umeme, nilipoteza kilo nne za nyama na samaki wa soko la Feri. Kosa langu lilikuwa kufungua kila saa kuangalia kama bado vimeganda. Friza lililojaa lisipofunguliwa linashika ubaridi kama siku mbili. Lililo nusu tupu, siku moja. Sasa nafasi zote tupu nazijaza chupa za maji, zinaganda, zinakaa kama akiba ya baridi. Umeme ukikatika hakuna kugusa mlango, hata mjukuu alie anataka aiskrimu.

Na nyama gandisheni kwa mafungu ya mlo mmoja. Ukigandisha kilo mbili kama jiwe moja, kila siku unayeyusha lote ili ukate kipande. Mara mbili tatu hivyo, nyama imeharibika.

Rangi3_Mbagala

Na sisi tusio na friji wala umeme wetu wenyewe? Mita ni ya mwenye nyumba, presha hataki kuiona.

BintiPangani

Kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, tandika blanketi kuukuu au vipande vya godoro chini na pembeni. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu kama robo saa, funika, toa jikoni yakiwa bado yanabubujika, zamisha kwenye kapu, funika juu kwa mto. Usichungulie. Saa tatu nne baadaye yameiva au yamebakiza kidogo. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Kopo moja la mkaa mimi lilinitosha siku mbili. Wali ndiyo rahisi zaidi, maji yakikaribia kukauka unaingiza kapuni badala ya kupalia makaa juu ya kifuniko.

Rangi3_Mbagala

Nina godoro la mtoto lililopasuka. Kesho nalifanyia kazi.

KijanaWaGeto

Taarifa: kidumu kimenunuliwa, kimegawanywa mbele ya mashahidi. Juma ameomba lile tone la mwisho lililobaki kwenye kidumu. Tumempa na kidumu.

MamaTatu_Tabata

Wakuu, leo ni siku ya 30 ya daftari la pili. Jumla ya vilivyotupwa ni 16,200. Kati ya hiyo, 7,000 ni samaki niliyeletewa na wifi yangu siku ambayo friji lilikuwa limejaa, 3,500 maharage niliyosahau tena jikoni (safu ya "kwa nini" nimeandika "tamthilia"), nyingine ni mchicha. Wali: 1,400 tu, siku mbili watoto walipokula kwa shangazi yao bila kutuambia. Noti ya mzee wa LUKU nimeibana kwenye mlango, imechomoka kama imepakwa mafuta. Fundi anakuja Jumamosi. Presha bado nalipigia mahesabu.

Dada wa kazi ndiye aliyebadilika kuliko wote. Jana nilitaka kumwaga maji ya kuchemshia kunde, akanishika mkono, "mama, umeandika?"

Ila jioni ya leo jirani mwenye kuku amegonga geti. Tumesalimiana, tumeulizana hali, amekaa kwenye kigoda dakika kama kumi akizunguka zunguka. Mwisho akauliza kwa upole kabisa kama kuna mtu anaumwa humu ndani, maana mwezi mzima hajaona sufuria na kuku wameanza kushinda getini kwangu. Nikamwambia tupo salama. Akanyamaza kidogo, akasema jogoo sasa ni 32,000, pumba imepanda.

Nimemwagiza mayai.